Kisichoona Moto

Safu nzima ya tarawehe iliinuka kutoka sijidani, Mikdad akabaki chini. Imamu akasoma, akarukuu, akainuka, akarudi kusujudu, na fundi Mikdad bado yuko palepale, paji la uso mkekani, anakoroma kama cherehani iliyokosa mafuta. Aliyekuwa begani kwake ni Mwinyijuma, na Mwinyijuma hajawahi kuona jambo la kuchekesha akalilalia. Kulipokucha, Magomeni yote, hii Magomeni yetu ya Bagamoyo, ilikuwa na habari, na habari ilikuwa imeshaota mkia.

"Msimlaumu masikini," Mwinyijuma alikuwa akiwaambia watu. "Ni zile kaimati za mkewe. Hafidha hapiki futari, anapika dawa ya usingizi."

Hafidha aliposikia alicheka. Ni mwanamke wa kucheka kwanza, mengine baadaye. Mume wa kwanza alimzika, wa pili alimwacha kwa simu, tena simu yenyewe ya kuazima, na hapo katikati alikaanga mihogo stendi mvua na jua mpaka akapata jina la kupikia watu shughuli. Siku hizi arusi ya maana haipangwi Magomeni wala Dunda bila mtu kusema, "Tambi muachieni Hafidha." Jina hilo ndilo shamba lake na ndilo kiwanja chake. Hana jingine. Basi alicheka, lakini mkono uliokuwa ukikanda unga ulisimama kidogo.

Mikdad hakucheka hata kwa heshima. Yeye ni mshona kanzu, na Ramadhani ndiyo masika yake. Vitambaa vya Idi vimempandia mpaka kiunoni, na mwenyewe tangu Shaabani anasinzia juu ya kazi. Kilichokuwa hakisinzii ni mguu tu. Hata akikaa kitandani, mguu wa kulia ulikanyaga pedali isiyokuwapo, taka, taka, taka, mpaka Hafidha akamuuliza anamshonea nani huko hewani.

"Nguvu zimeniisha," alisema. "Nimekuwa gunia. Gunia la watu kuchekea."

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Quresh kununua uzi. Duka la Quresh lina kila kitu, kuanzia uzi na vifungo mpaka tende na asali, na mwenye duka, mzee wa miaka sitini na kitu, hupanda ngazi ya rafuni kama paka. Mikdad alimtazama anavyopanda, akamuuliza anakula nini.

"Mboga, fundi," Quresh alisema kutoka juu kule. "Mchicha, tango, karoti, limau, karanga za kuloweka. Vibichi. Mimi jiko nimelisahau. Chakula kikipita motoni kinakufa, na wewe ukila kilichokufa utapata wapi uhai?"

Mikdad alirudi nyumbani amesahau uzi.

"Kuanzia leo," akatangaza mlangoni, hata viatu hajavua, "sili kilichoona moto."

"Na chai?" Hafidha akauliza.

"Chai imeona moto."

"Mkate?"

"Mkate umetoka motoni, Hafidha, usinifanyie mzaha."

"Na mimi je? Mimi miaka yote hii nashinda mbele ya jiko, moto nimeuona mpaka umenizoea. Au nami nihame?"

"Nataka nguvu," Mikdad alisema. Mguu ulishaanza kukanyaga pale pale mlangoni. "Nataka nisimame kwenye sala kama mwanamume."

Kwa hilo Hafidha hakumtania, akarudi kwenye unga wake.

Sasa, mtaa ule una desturi yake. Mwezi wa Ramadhani wanaume hawafuturu ndani. Jua likielekea kuzama, kila nyumba hutoa sinia lake, limefunikwa kawa la ukindu, likapelekwa kibarazani kwa mzee Abdillah, na hapo wote hukaa chini wakala sinia hili na lile, mwenye nacho na asiye nacho. Kwa adabu, hakuna anayemuuliza mtu hali ya nyumba yake. Ya nini? Sinia limeshasema. Likija na samaki wa nazi, baba amepata. Likija na mbaazi tupu, mambo yamebana, na nyumba hiyo kesho yake itapelekewa unga bila kelele. Na mwanamke hayupo pale, lakini yupo. Anajulikana kwa mkono wake, na mkono wa Hafidha ulikuwa unajulikana hata kwa macho yaliyofumbwa.

Jioni hiyo Hafidha alikuwa bado anageuza kaimati kwenye mafuta wakati Mikdad alipojitwalia sinia, akapanga vitu vyake, akafunika kawa, akaondoka. Adhana ikaadhiniwa. Watu wakafungua kwa tende na maji, wakasogea, Mwinyijuma akanyoosha mkono kwenye sinia la nyumba ya Hafidha kabla ya jingine lolote, kama kawaida yake, maana hao wanaosema ubaya wa kaimati ndio wanaozimaliza. Akainua kawa.

Matango. Vipande vya papai. Karoti zenye majani yake kichwani. Karanga zilizolowekwa zikavimba. Ndizi mbivu.

Mwinyijuma akalirudisha kawa polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Fundi," akanong'ona, "kwema huko nyumbani?"

"Kwema kabisa. Kuleni. Hakijaona moto hicho."

Neno hilo ndilo lililoharibu. Watu walisikia moto, wakasikia haukuonekana, wakatazamana. Waliobaki na adabu walitafuna karoti kimyakimya, kwa sauti ile ya karoti ambayo haina ukimya.

Asubuhi Hafidha alifungua mlango wa uani akakuta gunia la mkaa limeegemezwa ukutani. Kabla hajajua limetoka wapi, likaja bakuli la kunde, halafu kibaba cha mchele kwenye mfuko. Saa nne akaingia Mgeni, dada yake Mikdad, wifi mtu, mikono kiunoni.

"Wifi, kama gesi imeisha si useme? Mpaka kaka yangu akale majani kama mbuzi wa kafara?"

"Gesi imejaa, wifi. Na kaimati zangu jana nimekula mwenyewe mpaka nimeota ndoto mbaya."

"Basi mmegombana. Umemnyima."

"Nimnyime nini? Kaka yako kasilimu upya. Dini ya matango."

Mgeni alicheka mpaka akakaa chini, lakini alipomaliza kucheka akasema lile lililomleta. "Cheka, lakini nje hawacheki. Wanasema mwanamume asiyekula kwake ana pengine anapokula. Wengine wanasema hapana, ni kile chakula chake Hafidha, mwenyewe mumewe kakikimbia."

Mkaa, kumbe, ulikuwa wa Mwinyijuma. Hafidha alimrudishia kichwani mwake mwenyewe, akautua mlangoni. "Shika mkaa wako. Ukiona nyumba yangu haina moto, njoo nikuonyeshe kwa kukuunguza." Mwinyijuma alicheka, akaomba radhi, lakini jicho lake lilikuwa bado linauliza.

Wakakubaliana, mke na mume: sinia lingetoka la Hafidha, limejaa kama zamani, na Mikdad angechukua vyake kwenye kopo la plastiki. Hafidha aliona amepata nafuu. Haikuwa nafuu. Sasa jioni kwa jioni wanaume walikuwa wakila sinia la Hafidha, na mwenye sinia kakaa pembeni na kopo lake, hagusi. Hata aliyekuwa hana neno akapata la kujiuliza.

Lakini Mikdad, ukweli usemwe, alichangamka. Siku za mwanzo alikuwa kama mtu aliyebadilishiwa betri. Alirudi tarawehe amesimama rakaa zote. Alifagia uwanja kabla ya Hafidha kuamka, akachomoa mlango wa choo uliokuwa unalalamika akaupiga randa, akaanza kanzu mbili kwa pamoja, akaacha zote, akaanza ya tatu. Tumbo likaingia ndani. Barazani wakamwambia amekuwa kijana. Na kwa kuwa matango yanachosha kuliko yanavyoshibisha, akatafuta vingine visivyoona moto, na sheria yake ilikuwa hiyohiyo moja tu. Asali? Nyuki hawana jiko. Tende? Jua tu. Tikitimaji, papai, ndizi mbivu, vyote halali. Halafu akamgundua muuza juisi ya miwa pale sokoni, mwenye mashine ya kukamua, akafanya jambo analolifanya fundi akipata kitambaa rahisi: alibeba dumu. Kila jioni baada ya adhana alikuwa akishusha jagi zima la miwa na limau, akapangusa mdomo, akasema, "Uhai huo."

"Uhai huo utakutoa pumzi," Hafidha akamwambia.

"Wewe unasema kwa sababu hukuupika."

Kwa mara ya kwanza Hafidha aliona amefungwa mlango bila kujua umefungwa lini. Neno lolote atakalosema juu ya chakula kile litasikika kama wivu wa mpishi.

Na ya kusemwa yakaanza kuwapo. Mikdad alipokwisha kufuturu alikunywa maji, akanywa tena, akatoka kwenda uani, akarudi, akanywa. Ukikaa naye kuzungumza, sentensi moja aliianzia kitini akaimalizia mlangoni. Mchana, funga ilimkausha. Ikifika alasiri midomo ilikuwa imepasuka kama ardhi ya Lugoba kiangazi, na alikuwa akiegemea cherehani badala ya kuiendesha. Siku moja Hafidha alimpitia dukani kwake akamkuta anatunga uzi kwenye sindano. Akalenga, akakosa. Akaulamba uzi, akakumbuka amefunga, akautema, akalenga, akakosa. Huyu ni mtu aliyekuwa akitunga sindano gizani akiwa anasimulia kitu. Kwenye meza palikuwa na kanzu ya mtu, mikono yote miwili imeshonewa upande mmoja.

"Hii ya nani?" Hafidha akauliza. "Ya kaa?"

Mikdad alitazama kanzu ile, akaigeuza, akaitazama tena. Mguu ulikuwa unakanyaga pedali na cherehani haina uzi.

Jioni ile alimwambia wazi. "Twende zahanati ukapime."

"Nipime nini? Nimekonda, nina nguvu, nasimama rakaa zote. Mwili unatoa taka. Quresh alinambia, mwanzoni mwili unatoa taka."

"Quresh alikwambia unywe dumu la miwa?"

"Basi ndiyo hiyo! Tangu mwanzo umekasirika kwa kuwa sili vyako. Ungefurahi nilale tena kwenye sijida wanicheke?"

Akatoka, akaenda uani, akarudi, akanywa maji.

Kesho yake Bi Kibibi alikuja na kilemba chake cha safari. Binti yake anaolewa mfungo mosi, wiki ya pili baada ya Idi, na wakwe wanatoka Tanga. Walikaa ukumbini, wakapanga: pilau, samaki wa kupaka, tambi, kaimati mabeseni. Shughuli kubwa kuliko zote ambazo Hafidha amewahi kuitiwa. Ukiipika hiyo ikatoka, unapikia Tanga nzima.

"Mie ya Mwinyijuma siyajali," Bi Kibibi alisema wakati wa kuagana, huku akivaa viatu, mahali ambapo watu husema lile walilolijia. "Lakini Watanga watu wa maneno, mwanangu. Mimi nataka chakula kisicho na neno juu yake. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, bibi."

"Haya. Usije ukaniaibisha."

Hafidha alimsindikiza, akarudi, akachukua ndoo kwenda kuosha bafu la uani. Pale kwenye kitundu cha kupitishia maji, sakafu ilikuwa nyeusi. Akadhani ni uchafu. Akainama. Uchafu ukawa unatembea.

Sisimizi. Walikuwa wametoka chini ya ukuta, wakapanga safu iliyonyooka kuliko safu yoyote ya msikitini, wakajazana pale penye unyevu, wanapishana, wanagusana vichwa kama watu wanaopeana habari njema. Hafidha alimwaga maji. Wakasambaa, na kabla hajaiweka ndoo chini wakaanza kurudi.

Alikaa juu ya ndoo. Mama yake, kule Mlingotini, alianza hivihivi. Kiu, kwenda uani, kukonda, kuchangamka kwa ghafla kama mtu mwenye safari. Watu wakasema amepandwa na kitu cha baharini kinachokunywa maji kupitia kwake, akachezewa ngoma, akafukizwa. Sisimizi waliwaona, wakawafagia. Walipomfikisha hospitali ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshamla kidole, halafu ukadai mguu, na baada ya mguu mama hakukaa sana.

Kwa hiyo Hafidha alijua. Tena alijua na la pili, lililomfanya asimame, akae, asimame tena. Akimpeleka Mikdad akapimwa, na sukari ikaonekana, mtaa hautauliza miwa. Mtaa utauliza nani alimlisha miaka kumi na moja. Tambi za nani zile zilizoogeshwa sukari? Kaimati za nani? Lile la dawa ya usingizi lilikuwa mzaha. Hili litakuwa ushahidi. Na Bi Kibibi anataka chakula kisicho na neno.

Akafagia sisimizi. Akawamwagia maji ya chumvi. Akaingia ndani akapanga vyombo vilivyokuwa vimepangika. Akatoka akaangalia. Wamerudi.

Akajifunga mtandio akaenda kwa Quresh, akamkuta juu ya ngazi.

"Shuka, Bwana Quresh, sitaki kuzungumza na nyayo zako."

Akashuka. Hafidha alimwambia yote, dumu, kiu, sindano, hata sisimizi. Quresh akakaa juu ya gunia la mchele, rangi imemtoka.

"Bi Hafidha, mimi nilimwambia mboga. Wallahi sikumwambia miwa. Mie mwenyewe asali naiuza tu, siionji. Daktari wangu wa Dar ameniandikia kila kitu, napima sukari kila mwezi."

"Hilo la kupima ulimwambia?"

Quresh akatazama ngazi yake. "Hakuniuliza."

"Basi mwambie sasa. Kwangu mimi anasikia wivu."

"Nitamwambia. Lakini nikimwambia peke yangu atasema umenituma. Ndugu yangu, huyu anamsikiliza nani?"

Hafidha alijua anamsikiliza nani, na ndiyo maana alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Mikdad anasikiliza kicheko. Ni kicheko cha barazani kilichomfukuza mezani kwake. Hakuna kingine kitakachomrudisha.

Alasiri ile alikaa jikoni, mbaazi zimechambuliwa, nazi imekunwa, unga wa kaimati umeumuka mpaka unapanda ukingo wa bakuli. Akashika kiberiti. Akakiweka. Akashika tena. Kutoka dukani kwa mumewe, nyumba ya tatu, alisikia cherehani ikienda, ikisimama, ikienda, ikisimama. Halafu ikasimama tu. Akatoka mbio mpaka mlangoni pa duka. Mikdad alikuwa amelaza kichwa juu ya mashine, macho wazi.

"Niache kidogo," alisema. "Napumzika." Ulimi ulikuwa mkavu, maneno yanabandukana.

"Fungua, Mikdad. Kunywa maji. Mungu hakukuandikia hivi."

"Imebaki saa moja. Nifungue watu wacheke?"

Akasimama kwa nguvu ya hasira, akafunga duka, akaenda kutawadha.

Hafidha akarudi jikoni. Akachukua sinia. Akalifuta vizuri, likang'aa. Akalifunika kawa. Hakuwasha moto.

Mwanamke haendi kibarazani wakati wa futari. Si haramu, haiandikwi popote, ila haendi. Siku hiyo adhana ilipokwisha, tende zikiwa bado mdomoni mwa watu, walimwona Hafidha anakuja na sinia lake kichwani, amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kutwanga. Mzee Abdillah, mwenye baraza, akakohoa.

"Shikamoo, mzee. Shikamooni nyote."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

Akalitua sinia katikati, mbele ya Mwinyijuma. "Funua, shemeji. Wewe ndiye hufunua."

Mwinyijuma akafunua. Sinia lilikuwa tupu. Uso wake mwenyewe ulimtazama kutoka kwenye bati.

Mikdad, na kopo lake mkononi na jagi la miwa pembeni, aligeuka rangi. "Hafidha, unanifanya nini mbele ya watu?"

"Mlileta mkaa mkidhani jiko langu limezimika," Hafidha akawaambia wengine, kama hajamsikia. "Halikuwa limezimika. Leo limezimika. Nimelizima mwenyewe. Na siliwashi, si la futari wala la arusi ya mtu, mpaka mume wangu akapimwe sukari."

"Sukari!" Mikdad akacheka kicheko kikavu. "Mimi? Mtu nisiyekula kilichoona moto siku zote hizi?"

"Chooni kwetu sisimizi wamejenga mtaa. Wana barabara, wana msikiti. Kesho watafungua soko."

Kicheko kikapasuka, cha kweli, cha matumbo yenye njaa. Kikaenda, kikafika katikati, kikakata. Kwa sababu kila mtu pale alikuwa na mama, au ami, au jirani, na kila mtu alijua sisimizi wanafuata nini. Kikombe kimoja kikasikika kikitua sakafuni.

Hafidha alibaki amesimama. Alikuwa amekwisha kusema. Hakuwa na jingine. Aliyajua maneno yanayotengenezwa vichwani mle, alikaribia kuyaona: kaimati, tambi, miaka kumi na moja. Hakusogea.

Quresh, ambaye si kawaida yake kufuturu pale, alikuwa amesimama chini ya ngazi za baraza. "Fundi," alisema, "mimi ndiye niliyekwambia mboga. Sasa nakwambia, weka hilo jagi chini."

Mikdad hakuliweka. Alilitazama tu. Na hapo Mwinyijuma, ambaye kwa muda wote huo alikuwa bado ameshika kawa, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake:

"Fundi, twende wote. Hata kwangu wapo."

"Nini?"

"Sisimizi. Bafuni. Nilidhani ni mvua."

Mikdad akamtazama mtu aliyemcheka kwenye sijida. Mguu wake ulikuwa unakanyaga, taka, taka, ukapunguza, ukasimama. Akaliweka jagi.

Asubuhi walikwenda watu watano, kwa bajaji mbili, na Hafidha nyuma. Muuguzi wa zahanati alikuwa binti anayeitwa Adila, mpole wa sauti, mkali wa sindano. Akamtoboa Mikdad kidole, akachungulia kimashine, akamtoboa kidole kingine.

"Baba, unajisikiaje?"

"Nina nguvu," Mikdad akasema, akiwa ameshikilia ukuta.

Sukari kumi na tisa, karibu mara tatu ya kawaida. Daktari akaitwa, maswali yakaulizwa, dripu ikatundikwa, na funga ikasimamishwa hadi mwili utulie. Kuhusu vyakula, Adila alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, hata kwenye dumu.

"Mboga mbichi ni nzuri, baba, endelea nazo. Lakini miwa ni sukari hata isipoona moto. Na ugonjwa wenyewe haukuja mwezi huu. Kule kusinzia kwa mwanzo ndiko ulikokuwa unabisha hodi."

"Na kaimati?" Hafidha akauliza. Alitaka kulisikia hapo, kwa mtu mwenye koti jeupe, kabla hajalisikia sokoni.

Adila akasita. "Ugonjwa huu una mengi, mama. Kuna wa ukoo, kuna wa kukaa kitako siku nzima. Kaimati hazikusaidia."

"Ahsante," Hafidha akasema. Alishukuru kweli. Lilikuwa dogo kuliko alivyoogopa, na kubwa kuliko alivyotaka.

Mwinyijuma alipimwa wa mwisho, akakutwa mzima kama ng'ombe. Sisimizi wake walitokana na mkewe, anayesuuzia masufuria ya shira bafuni. Alitoka nje ameinua kidole chenye pamba kama bendera.

Maneno yalikuja, tena hayakuchelewa. Mgeni alimletea Hafidha yote, kwa hiari yake, akiyakung'uta kama mkeka. Bi Kibibi hakuja mwenyewe. Alituma salamu: pilau na samaki viko palepale, ila vitamu atapika mwingine, asione vibaya, ni kwa ajili ya Watanga. Hafidha akasema haoni vibaya. Halafu akaenda uani akakuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Jioni Mikdad aliporuhusiwa kurudi alikataa kwenda barazani. Mtu asiyefunga atakaa vipi na waliofunga?

"Kwa kitako," Hafidha akamwambia. "Kama wengine." Akamkabidhi sinia.

Lilikuwa limejaa: samaki wa kuchoma, mchicha wa nazi nyepesi, kunde, kachumbari ya matango na karoti, hiyo kwa heshima ya dini mpya, vipande vichache vya muhogo, na birika la uji wa pilipili manga. Alisimama nyuma ya dirisha lake linaloelekea barazani, ambapo mwanamke hayupo lakini yupo, akasikiliza. Kimya cha watu wanaokula. Mtu ananyonya mwiba wa samaki. Halafu Mwinyijuma, kwa sauti yake ya zamani:

"Astaghafirullah! Uji huu hauna sukari!"

"Sukari anayo Mikdad," mzee Abdillah akasema. "Muombe."

Kicheko kikapasuka. Hafidha alishika nondo za dirisha akasubiri, na ndani ya kicheko kile akakisikia kimoja alichokijua, kizito, kikianza kwa kusitasita kama cherehani ya zamani, kisha kikashika.

Sinia lilirudi limekwanguliwa. Uji ulirudi wote. Akajimiminia kikombe akaunywa amesimama. Ulikuwa mbaya kweli. Kesho ataongeza iliki, au atajaribu ubuyu, au atauacha. Kutoka chumbani alisikia mguu wa mumewe ukikanyaga kitanda, taka, taka, polepole. Alichukua ndoo akaenda uani. Pale kwenye kitundu safu ilikuwa imekatika, lakini wachache walikuwa bado wanazunguka, wanatoka, wanarudi, wanatafuta. Hakuwafagia. Alitaka kesho ajue wamebaki wangapi.